Sarafu ya Majaribio, na Yule Anayeipima



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo kuna maneno mingi mu nyumba za kulala juu ya makuta ya zamani. Mmoja amepewa na nyanya yake kipande cha shaba chenye tundu katikati na nyota. Mwingine ana falanga ya Katanga ya mwaka 1961, yenye alama ya msalaba wa shaba. Na kuna watu wanaopita na kununua vitu vile. Wanatazama kidogo, wanasema "hii imeharibika" ao "hii ni nzuri kidogo," wanataja bei, na kijana anapokea bila kuuliza. Nyuma wengi wanakuja kuuliza: kweli, samani ya sarafu inapimwa namna gani? Na nani anapima?

Ulizo hili ni la maana, sababu ndani yake kuna haki na udanganyifu. Ili kulijibu, nitaeleza habari ya sarafu zilizo ngumu kupima kuliko zote, ni kusema sarafu za majaribio. Mifano nitaitoa Marekani, kwa kuwa kule njo kazi ya kupima sarafu ilipata kanuni zake, na kule njo hatari zake zilionekana wazi.

1. SARAFU YA MAJARIBIO NI NINI?

Serikali ikitaka kutoa sarafu mpya, haianzi siku moja kupiga mamilioni. Mbele, fundi anachora sura. Kiisha anachonga mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa mbele na mmoja wa upande wa nyuma. Halafu wanapiga vipande vichache tu na kuvitazama. Je, sura inaonekana vizuri? Chuma hiki ni laini sana, ao ni kigumu na kitavunja mihuri? Uzito unafaa? Wakubwa wa inchi watakubali?

Vipande vile vichache njo sarafu za majaribio. Ikiwa shauri limekubaliwa, sarafu za kweli zinapigwa kwa wingi na kuingia sokoni. Ikiwa limekataliwa, vile vipande vinabaki peke yao, kama barua iliyoandikwa bila kutumwa.

Kwa Kifaransa vinaitwa essai. Kiwanda cha sarafu cha Paris kimezoea kupiga neno ESSAI juu ya chuma chenyewe, hata juu ya sarafu zilizotayarishwa kwa ajili ya inchi za Afrika. Basi ukikuta neno lile, usifikiri ni jina la mji ao la mfalme. Lakini sarafu za majaribio za Marekani, mara nyingi haziko na neno lolote la kuzitambulisha. Lazima mtu ajue historia yake.

2. MIFANO MINE

(a) Senti yenye feza katikati, 1792. Sheria ya kuanzisha kiwanda cha sarafu cha Marekani ilitolewa tarehe 2 mwezi wa ine 1792, na kiwanda kikajengwa Philadelphia. Sheria ilitaka senti moja iwe na shaba yenye samani ya senti moja. Shida ni kwamba senti ya namna ile ilikuwa kubwa na nzito mfukoni. Wakajaribu njia ingine: kipande kidogo cha shaba, na katikati yake tundu lililozibwa na feza. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, Thomas Jefferson, aliyekuwa waziri, alimwandikia Rais George Washington na kumpelekea vipande viwili. Alimweleza kwamba feza ile iko na samani ya robo tatu za senti, na shaba inatimiza robo inayobaki. Shauri halikufuatwa. Senti za 1793 zilipigwa kwa shaba tupu, zikapunguzwa uzito. Leo vipande vya 1792 vinavyojulikana havifiki makumi mbili.

(b) Senti ya tai anayeruka, 1856. Senti kubwa ya shaba ilikuwa na uzito wa karibu gramu 11, na kuipiga kulianza kuwa gharama. Kiwanda kikajaribu senti ndogo ya gramu 4,67, yenye shaba sehemu 88 na nikeli sehemu 12 katika 100. Walipiga mamia ya vipande vyenye mwaka 1856, ili wabunge wavishike mu mikono na kuamua. Sheria ikapitishwa mwezi wa pili 1857, na senti kubwa ikaachwa.

Sasa angalieni vizuri. Wakusanyaji wa sarafu walizitaka sana zile za 1856. Kiwanda kikapiga zingine, zenye mwaka ule ule wa 1856, ijapokuwa mwaka ule ulikwisha kupita. Mkubwa wa kiwanda, James Ross Snowden, alikuwa anakusanya medali za George Washington kwa ajili ya makumbusho ya kiwanda, na sarafu za majaribio zikawa kitu cha kubadilishana. Basi tangu zamani zile ulizo limeanza: kipande hiki ni cha jaribio lenyewe, ao kilipigwa nyuma kwa kupendeza watu?

(c) Dola ine za zahabu, 1879 na 1880. Hii inaitwa Stella, neno la Kilatini la kusema nyota, sababu kuna nyota kubwa upande wa nyuma. Siye tunaosoma historia ya falanga inatuhusu kidogo. Tangu 1865 Ufaransa, Ubeljiji, Uswisi na Italia zilikuwa na mapatano ili sarafu zao ziwe na uzito mmoja, na falanga 20 za zahabu zilijulikana kila pahali. John A. Kasson, mjumbe wa Marekani kule Austria, alitoa shauri kwamba Marekani nayo ipige sarafu inayokaribia ile, ili msafiri asisumbuke. Charles Barber alichora mwanamke mwenye nywele zilizoachiliwa. George Morgan alichora mwenye nywele zilizosukwa na kuzungushwa kichwani.

Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Juu ya Stella wameandika kwamba iko na gramu 6 za zahabu, desigramu 3 za feza na desigramu 7 za shaba, jumla gramu 7. Falanga 20 zilikuwa na gramu 6,45, na katika sehemu 10 sehemu 9 ni zahabu. Ni kusema zahabu safi yake ni gramu 5,8 tu. Karibu sawa, lakini haiko sawa! Mtu angelazimika kufanya hesabu vile vile kama mbele. Bunge halikukubali, na mamia machache yaliyopigwa njo yanatafutwa sana leo.

(d) Senti ya aluminiumu, 1974. Mwaka 1973 bei ya shaba ilipanda mpaka watu wakaogopa kwamba shaba ya senti itapita samani ya senti yenyewe. Kiwanda kikapiga senti za aluminiumu zaidi ya milioni moja na nusu, zenye mwaka 1974. Wenye mashine za kuuzia vitu walikataa. Waganga wa watoto pia walikataa, na sababu yao ni ya kweli: mtoto akimeza senti ya aluminiumu, picha ya radiografia haiioneshi vizuri mu mwili. Basi zikayeyushwa. Lakini vipande fulani vilikuwa vimepewa wabunge, na si vyote vilivyorudi. Kipande kingine, kilichopigwa mu kiwanda cha Denver, kilionekana miaka mingi nyuma mu mikono ya mtu aliyekirizi. Serikali ilikidai, maneno yakafika mahakamani, na mwaka 2016 kikarudishwa. Serikali ilisema kwamba sarafu isiyotolewa kwa sheria haikuacha kuwa mali yake.

3. JUU YA NINI NI NGUMU KUIPIMA?

Ukitaka kujua bei ya kikapu cha mihogo, unazunguka sokoni na kulinganisha vikapu kumi. Sarafu ya kawaida ni vile vile. Lakini sarafu ambayo iko tatu tu duniani, utailinganisha na nini? Mnunuzi anabaki na neno la muuzaji. Na kwa kila sarafu ya majaribio kuna maulizo ine:

Kwanza, ni ya kweli ao ya bandia?
Pili, ilipigwa wakati wa jaribio, ao ni ya kurudiliwa nyuma?
Tatu, ilitoka mu kiwanda kwa njia ya haki?
Ine, hali yake ni gani: imelika, imekwaruzwa, imesuguliwa?

Kwa ulizo la kwanza na la pili, daktari J. Hewitt Judd alisaidia sana. Mwaka 1959 kitabu chake kilitoka, chenye kupanga sarafu za majaribio za Marekani moja moja na kuipa kila moja namba. Ile senti ya 1792 yenye feza katikati njo namba 1. Leo muuzaji hatoshi kusema "niko na ya majaribio"; wataalamu watamwuliza, "ya Judd namba ngapi?"

4. MIZANI YA 70

Kwa ulizo la ine, watu walikuwa wanatumia maneno tu: nzuri, nzuri sana, safi. Ninyi mnajua maneno ya namna hii. Muuzaji anasema nzuri sana, mnunuzi anasema nzuri kidogo, na wote wawili wanatazama kitu kimoja.

Mwaka 1949 daktari William H. Sheldon alitoa kitabu juu ya senti kubwa za 1793 mpaka 1814, na mu kitabu kile alitumia pointi kutoka 1 mpaka 70. Wengi wanauliza juu ya nini 70 na si 100. Jibu ni hili: pointi zake zilikuwa za bei. Kama senti iliyolika kabisa inauzwa dola 1, basi ile kamili ya namna ile ile ingeuzwa karibu dola 70. Bei za soko hazikukawia kuvunja hesabu hiyo, lakini pointi zilibaki, zikaenea kwa sarafu za namna zote. Mwaka 1977 chama cha wakusanyaji wa sarafu cha Marekani kilitoa kanuni zilizofuata pointi zile.

Kwa ufupi, ziko hivi:

1: unaweza tu kujua ni sarafu gani.
4: sura kubwa inaonekana, sehemu za ndani zimefutika.
12: imelika pande zote kwa usawa, lakini sehemu kubwa za ndani zinaonekana.
20 mpaka 40: imelika pahali palipoinuka, nywele na manyoya vinaonekana.
50 mpaka 58: imeguswa kidogo tu.
60 mpaka 70: haikutumika sokoni hata kidogo.

Katika 60 mpaka 70 wanatazama mambo ine: mikwaruzo, nguvu ya muhuri ulipopiga, mngao wa chuma, na uzuri wa jumla. 70 ni ile isiyo na doa hata ukiitazama kwa kioo cha kukuza mara tano. Sarafu nyingi za majaribio zilipigwa kwa mihuri iliyong'arishwa na kwa uangalifu, na hizo zinapewa alama ingine ya kuzitenga, lakini pointi ni zile zile.

5. MTU WA TATU

Pointi peke yake haikumaliza ugomvi, kwa kuwa muuzaji angeweza kujitolea pointi mwenyewe. Ni kama mwanafunzi angesahihisha mtihani wake. Njo sababu kulitafutwa mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi. Chama kile kilianza 1972 kuchunguza kama sarafu ni ya kweli, na 1979 kikaanza kutoa na pointi. Mwaka 1986 kampuni ya PCGS ilianza kazi, na 1987 ikafuata NGC. Wanafanya hivi: sarafu inapewa namba, na jina la mwenyewe halionekani. Wapimaji zaidi ya mmoja wanaitazama, kila mmoja peke yake, chini ya taa. Kiisha inafungwa ndani ya kisanduku cha plastiki kisichofunguliwa bila kuvunjwa, pamoja na karatasi yenye jina, mwaka na pointi. Mu NGC wapimaji wamekatazwa kufanya biashara ya sarafu.

Siye wa mwaka wa sita tunaelewa hekima hiyo. Mtihani wa Serikali unasahihishwa mbali, na watu wasiotujua sura wala kabila wala mtoto wa nani. Mwalimu anayetupenda hawezi kutuongezea, na anayetuchukia hawezi kutupunguzia. Hatupendi kungoja, lakini haki iko ndani yake.

6. PALE MIZANI INAPOSHINDWA

Hata hivyo musifikiri plastiki inaondoa zambi za watu. Tofauti ya pointi moja, tuseme kutoka 64 kufika 65, inaweza kupandisha bei mara mbili ao zaidi. Basi kuna wafanyabiashara wanaovunja kisanduku na kutuma sarafu ile ile tena, na tena, wakingojea siku mpimaji atakapotoa pointi moja zaidi. Matokeo mengine ni haya: kampuni zinaandika hesabu ya sarafu zote zilizopimwa, na sarafu moja iliyotumwa mara tatu inaweza kuonekana kama sarafu tatu. Kwa sarafu ya majaribio, ambayo labda iko nne tu, kosa lile linabadili kila kitu. Wengine wanatengeneza visanduku vya bandia. Na tangu 2007 kuna kampuni ingine, CAC, inayotazama sarafu zilizokwisha kupimwa na kubandika alama juu ya zile inazozikubali. Ni kusema wapimaji nao wamepata mpimaji.

Na yule aliyetunga pointi? Daktari Sheldon alikufa 1977. Nyuma ya kifo chake ilijulikana kwamba alikuwa amebadilisha sarafu zaidi ya mia moja mu hazina ya shirika la American Numismatic Society la New York: alichukua senti zao nzuri na kuweka zake za hali ya chini. Ilionekana kwa kulinganisha sarafu zilizokuwa mu hazina na picha zilizopigwa zamani. Shirika lilienda mpaka mahakamani kuzidai. Alijua kuliko watu wote tofauti ya pointi 30 na pointi 60, na ujuzi ule ule njo alioutumia kwa kuiba. Kitabu cha Mezali kinasema wazi namna Mungu anavyoona mizani ya udanganyifu. Elimu ya kupima haimfanyi mtu kuwa mwenye haki. Lakini angalieni pia kilichomshinda: picha. Kama mtu asingepiga picha zile mbele, hakuna angeweza kushuhudia.

7. NA SIYE?

Sarafu zetu nyingi haziko za majaribio. Falanga 2 zenye pembe sita na tembo, za mwaka 1943, zilipigwa kwa mamilioni, tena mu kiwanda kile kile cha Philadelphia, kwa sababu wakati wa vita Ubeljiji ilikuwa mu mikono ya Wadachi. Mtu asijidanganye kwamba atajenga nyumba nazo. Lakini hata kitu kidogo kinafaa kupimwa kwa haki. Basi nashauri hivi:

Musisugue sarafu na mchanga, wala majivu, wala ndimu. Nimeona wadogo zetu wanazing'arisha mbele ya kuziuza. Ngozi ya chuma ikitoka hairudi. Kampuni zile zikiona sarafu iliyosuguliwa, zinaandika ni ya kweli lakini haipati pointi.

Musiishike juu ya uso, ishikeni pembeni kwa vidole viwili. Jasho linaacha alama.

Musikubali bei ya mtu ambaye yeye mwenyewe njo mnunuzi na njo mpimaji. Ulizeni mtu asiye na faida mu jambo hilo. Na kama sarafu ni ya nyanya, ulizeni nyanya mbele ya wote.

Muandike. Mwalimu wa kemia amekubali tutumie mzani wa laboratwari kila siku ya posho nyuma ya kazi za mikono. Tutafungua kaye moja: jina la inchi, mwaka, chuma, uzito, upana, na kama kuna neno ESSAI ao hapana. Tutaweka karatasi juu ya kila uso na kusugua polepole na kreyoni ili sura ibaki. Bei hatutaandika. Anayetaka kuuza atauza, lakini atakuwa na ushuhuda wa kitu alichokuwa nacho, na hakuna atakayemrudishia kingine akisema ni kile kile.

Kaye itakaa mu ofisi ya Bwana Prefe.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita